Kokoto kwenye gunia lako: mwongozo wa kuzuia maoni taka yasile matangazo yako na nafasi yako Google

Mkulima wa Tandahimba akifikisha korosho ghalani, anayekagua hamwulizi ni nani aliyetia kokoto kwenye gunia. Anamwaga kidogo, anapima unyevu, anakata chache aone kiini, na mzigo ukiwa mchafu unashushwa daraja au unarudishwa ukachambuliwe upya. Pengine kokoto ziliingia uwanjani wakati wa kuanika, pengine watoto walicheza karibu. Jina kwenye stakabadhi ni lako.

Tovuti nayo iko hivyo hivyo, na mimi nililijua hilo kwa kuchelewa. Naandika bei za minada ya korosho na habari za pembejeo kutoka chumba kimoja hapa Chikongola, Mtwara mjini. Nilikuwa nimeacha kisanduku cha maoni wazi kabisa, bila kizuizi, kwa sababu nilitaka wakulima waulize maswali. Msimu ulipokwisha Februari nikaiacha tovuti ijiendee. Mwezi wa sita nikapigiwa simu na mzee mwenye duka la pembejeo Masasi, aliyekuwa amenilipa tangazo la miezi mitatu la salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, taratibu tu, "Kijana wangu, hivi tangazo langu umeliweka juu ya mganga wa kurudisha wapenzi?"

Nikafungua kwa simu. Chini ya makala ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, kulikuwa na mganga, chini ya mganga kuna mwaliko wa kujiunga na Freemason upate utajiri, kisha mikopo ya haraka, kisha kasino, kisha vidonge vya nguvu za kiume. Maoni zaidi ya elfu sita. Ya watu wa kweli hayakufika arobaini.

Haya yanayofuata ndiyo niliyoyafanya, nimeyapanga jinsi ambavyo ningependa mtu anipangie siku ile. Yanahusu zaidi WordPress na Blogger, maana ndizo wengi wetu tunazozitumia kuendeshea tovuti.

Wanatafuta nini kwako

Wanaoandika takataka hizi hawana haja na makala yako. Wengi si watu, ni programu zinazozunguka mtandaoni zikitafuta fomu ya maoni iliyo wazi. Zinajaza jina, barua pepe na linki, zinaondoka. Chanzo chake ni jinsi Google ilivyoanza mwaka 1998: linki ilihesabiwa kama kura, na tovuti iliyotajwa na wengi ikapanda juu. Watu wakaona njia ya mkato, kwamba badala ya kungoja kutajwa, ujitaje mwenyewe kwenye kurasa za wenzako.

Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilikubaliana juu ya alama inayoitwa nofollow. Linki ikiwa na alama hiyo, mwenye ukurasa anakuwa amesema: hii si kura yangu. Mwaka 2019 Google ikaongeza nyingine, ugc, inayotambulisha linki iliyowekwa na mtumiaji. WordPress za tangu mwaka huo huweka zote mbili kwenye linki za maoni bila wewe kugusa kitu.

Basi kama kura imeondolewa, mbona hawaachi? Kwa sababu programu haichagui. Gharama ya kutuma maoni elfu kumi haipishani sana na ya kutuma moja, na katika elfu kumi hizo zitakuwepo tovuti za zamani zisizo na alama. Tena wa huku kwetu wengi hawatafuti hata kura. Wanataka namba ya WhatsApp ionekane. Mganga hahitaji Google impandishe, anahitaji mtu mmoja mwenye shida asome usiku.

Inavyoumiza matangazo

Ukiwa na AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti yako na kukulipa, sera yao iko wazi: mwenye tovuti anawajibika kwa kila kilichomo kwenye ukurasa wenye matangazo, maoni ya wageni yakiwemo. Utetezi wa "si mimi niliyeandika" haupo. Maoni yenye ngono ya waziwazi au linki za mali za wizi yanaweza kuusimamishia ukurasa matangazo. Mengine, kama kamari na dawa za kuandikiwa na daktari, yako kwenye kundi la vizuizi: ukurasa haufungiwi, ila baadhi ya watangazaji hawaruhusu matangazo yao yatokee hapo. Wanunuzi wakipungua, bei ya nafasi yako inashuka. Hakuna anayekutumia barua kali. Unaona tu kipato kimelegea na unadhani ni msimu.

Kuna hasara nyingine isiyosemwa sana. Roboti la matangazo la Google husoma maneno ya ukurasa ili lijue liweke tangazo la namna gani. Ukurasa wako una maneno 600 kuhusu salfa na mikorosho, halafu maneno 9,000 kuhusu mikopo na kasino. Wewe ungesema ukurasa huo unahusu nini?

AdSense hailipi mpaka ufikishe dola 100, na kwa tovuti ndogo ya Mtwara au Lindi hiyo ni safari ya miezi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, AdSense siyo hasara kubwa. Hasara kubwa ni yule mzee wa Masasi. Mtangazaji wa hapa hapa, mwenye nyumba ya wageni Mikindani au mwenye boti Kilwa Masoko, anakulipa kwa mkono na anaufungua ukurasa kwa simu yake mwenyewe ili auone. Hasomi takwimu. Anaona jina la biashara yake limekaa na matapeli, na anajua wateja wake wameona pia.

Nitoe na angalizo hapa, kwa sababu watu huyachanganya. Ukipata ujumbe kwamba utoaji wa matangazo umewekewa kikomo kwa sababu ya mashaka juu ya wanaobofya, huo ni ugonjwa mwingine. Kusafisha maoni hakutautibu.

Inavyoumiza nafasi yako Google

Usiogope zaidi ya kiasi. Maoni matatu ya kasino hayataizamisha tovuti. Na mtu akienda kubandika linki ya tovuti yako kwenye maoni ya tovuti nyingine ili akuharibie, tangu 2016 mfumo wa Google unaoitwa Penguin kwa kawaida huzipuuza linki za namna hiyo badala ya kumwadhibu anayetajwa. Hofu hiyo iache.

Penye madhara ni hapa. Kwanza, takataka za watumiaji zimeandikwa waziwazi kwenye sera za Google, na mkaguzi wa kibinadamu anaweza kuupa ukurasa au tovuti nzima adhabu. Pili, hata bila adhabu, maandishi ya maoni ni sehemu ya ukurasa, kwa hiyo ubora wako unapimwa pamoja nayo. Tatu, uzito. Ukurasa wenye maoni elfu mbili unachelewa kufunguka, na msomaji wa Nanyumbu mwenye bando la kuungaunga hatangoja, atarudi nyuma abofye tovuti ya mwingine. Nne, linki zikielekea kwenye kurasa zenye programu hasidi, kivinjari kinaweza kumwekea msomaji onyo jekundu. Hilo likitokea, habari za nafasi ya kwanza au ya kumi hazina maana tena.

Hatua ya 1: Pima uchafu kabla ya kushika fagio

Toka kwenye akaunti yako ya msimamizi. Fungua tovuti kwa simu kama mgeni, shuka mpaka chini kabisa kwenye makala zako tano zinazosomwa zaidi. Wenye tovuti hawafanyi hivi. Sisi tunaangalia dashibodi, msomaji anaangalia ukurasa.

Kisha nenda Google uandike site: ikifuatwa na anwani yako bila kuacha nafasi, halafu neno moja la kitapeli, kwa mfano site:tovutiyako.co.tz casino. Rudia kwa viagra, loan, freemason, mganga. Kurasa zitakazotokea ndizo ambazo Google imeshazisoma zikiwa na uchafu huo, na ndizo za kuanza nazo.

Ingia pia Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona. Ni bure, na kama hujaiunganisha, iunganishe leo. Angalia ripoti ya 'Manual actions' na ya 'Security issues'. Zikiwa tupu, pumua. Kwa wenye AdSense, fungua 'Policy center' uone kurasa zilizotajwa na sababu yake. Andika haya yote kwenye daftari pamoja na tarehe, yatahitajika hatua ya 6.

Hatua ya 2: Funga bomba, chukua nakala

Huwezi kupiga deki huku bomba linamwaga. Kwenye WordPress nenda 'Settings', kisha 'Discussion', weka alama kwamba kila maoni lazima yaidhinishwe kwanza. Kwenye Blogger, sehemu ya maoni ndani ya mipangilio, chagua ukaguzi wa daima, na anayeruhusiwa kuandika awe mwenye akaunti ya Google.

Chukua nakala ya hifadhidata nzima kabla hujafuta chochote, na uiweke nje ya seva. Nilishawahi kumsaidia dada mmoja wa Lindi aliyefuta kwa hasira usiku, asubuhi akagundua ameondoa na mapishi yote ambayo wasomaji walikuwa wamemwandikia kwa miaka mitatu. Nakala hakuwa nayo.

Hatua ya 3: Chambua

Orodha ya maoni ya WordPress huonyesha 20 kwa wakati mmoja. Bofya 'Screen Options' juu kulia, weka 100 au 200. Tumia kisanduku cha kutafuta: andika casino, chagua yote, yapeleke kwenye spamu, yaani kapu la maoni taka. Halafu loan. Halafu WhatsApp, ila hapo punguza mwendo, kwa sababu wateja wa kweli nao huacha namba.

Yapeleke kwenye spamu, usiyatupe kwenye kapu la takataka. Watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Ukiwa unatumia Akismet, programu ya kuchuja iliyoanza mwaka 2005 ambayo kwa tovuti binafsi zisizo za biashara ni bure, kila unachokitia alama ya spamu kinaifundisha. Kukitupa kwenye takataka hakuifundishi kitu. Tovuti yenye matangazo wao huihesabu kuwa ya biashara, kwa hiyo soma masharti yao kabla ya kujichagulia kifurushi cha bure.

Yaliyo magumu kutambua ni yale ya sifa. "Makala nzuri sana, imenisaidia mno, endelea hivyo." Moyo unafurahi. Angalia jina la mwandishi: ukilibofya linakupeleka wapi? Linki imefichwa kwenye jina. Kipimo changu ni kimoja: je, maoni haya yangeweza kubandikwa chini ya makala yoyote duniani? Kama ndiyo, hayakuandikiwa makala yangu. Mtu wa kweli anataja kitu, bei, kijiji, chama chake cha msingi, hata kosa langu la herufi.

Uchafu wa Kiswahili nao una yake. Kwa uzoefu wangu vichujio huukamata mara chache kuliko ule wa Kiingereza, kwa hiyo waganga na Freemason wetu utawatoa kwa mkono. Kaa na chai.

Hatua ya 4: Badili kufuli

Ukishasafisha, weka sheria za kudumu. Hizi ndizo zangu.

Maoni yenye linki hata moja yangoje ukaguzi. WordPress ukiisakinisha huja ikiwa imewekwa 2, shusha iwe 1. Ondoa ile alama ya hatua ya 2, na badala yake mtu ambaye hajawahi kuidhinishwa aidhinishwe mara ya kwanza, baada ya hapo apite. Hii peke yake inapunguza kazi sana, kwa sababu wasomaji wa kudumu hawakusumbui tena.

Makala za zamani zifungiwe maoni. WordPress yenyewe hupendekeza siku 14. Mimi nimeweka 60, kwa sababu mnada wa korosho huwa na maswali wiki nyingi baada ya makala kutoka. Roboti hupenda makala kongwe ambazo mwenyewe umeshazisahau, na hapo ndipo elfu sita zangu zilipojazana.

Zima taarifa za tovuti kutajana, zile za pingback na trackback. Sijaona mtu wa huku aliyewahi kuzihitaji.

Sasa orodha ya maneno, ambapo wengi hujichoma. Kuna masanduku mawili: moja maneno yake husababisha maoni yangoje, jingine huyapeleka moja kwa moja kwenye kapu la takataka. Na WordPress hutafuta neno hata likiwa ndani ya neno jingine. Mimi kwa werevu wangu niliandika bet kwenye sanduku la pili. Likatupa kila aliyetaja betri, na kila mama aliyeitwa Elizabeth. Nikaandika dawa ili niwakomeshe waganga, nikawa nimewafungia wakulima wote waliotaka kujua dawa ya ubwiriunga, tena mwezi wa saba, wakati hasa wanapoihitaji. Mkopo? Nusu ya maswali ya pembejeo yana neno hilo. Kwa hiyo maneno ya kawaida weka kwenye sanduku la kungoja tu. La kutupa liachie vitu ambavyo mkulima wa Newala hawezi kuvitamka kwa bahati mbaya: viagra, illuminati, anwani kamili za tovuti za kitapeli, namba za simu zinazojirudia.

Kama fomu yako ina nafasi ya kuandika anwani ya tovuti, iondoe. Hakuna msomaji atakayeililia, na roboti linapoteza pa kubandika jina lenye linki.

Mwisho wa hatua hii, hakikisha alama zipo. Fungua makala yenye linki kwenye maoni kwa kompyuta, angalia chanzo cha ukurasa, tafuta neno ugc. Usipoliona wala nofollow, mwonekano wa tovuti (theme) ulionunua au kupewa na rafiki huenda umeziondoa. Ubadilishe.

Hatua ya 5: Mtego, na kama lazima, fumbo

Kabla ya kuweka mafumbo ya kuchagua picha za taa za barabarani, jaribu mtego: kisanduku kilichofichwa ambacho binadamu hakioni. Roboti hujaza kila kisanduku, na likijaza hicho linatupwa nje. Zipo programu-jalizi (plugin, programu ndogo za kuongeza kwenye tovuti) za bure za kufanya hivyo, na msomaji hapati usumbufu wowote.

Fumbo la picha linakula bando na linafukuza watu. Jiulize mzee wa Liwale mwenye simu yenye kioo kilichopasuka atachagua vipi viboksi vyenye baiskeli. Yapo ya kisasa yanayopima kimya kimya bila picha, kama Turnstile ya Cloudflare ya mwaka 2022. Tumia hilo ikiwa mtego haukutosha.

Hatua ya 6: Omba urejeshewe

Matangazo yakiwa yamezuiwa, usibofye kuomba ukaguzi upya mpaka kila ukurasa uliotajwa uwe safi. Ndiyo maana nilisema uandike kwenye daftari. Kuomba mara tatu huku uchafu upo kunakuchelewesha wewe tu. Sogeza pia nafasi ya tangazo: liwe ndani ya makala au juu, lisikae limegusana na maoni. Mtangazaji wa mtaani mpigie simu wewe kabla hajakupigia, mwambie umesafisha, mtumie picha ya ukurasa. Mimi nilimwongezea mzee mwezi mmoja bure.

Kwa Google, kama una adhabu kwenye Search Console, andika ombi la ukaguzi kwa maneno machache na ya kweli: nini kilitokea, umefuta nini, umeweka kizuizi gani kisijirudie. Usitie chumvi. Kama huna adhabu, hakuna wa kumwomba. Chukua kurasa zilizokuwa chafu zaidi, ziweke moja moja kwenye kikagua anwani cha Search Console, uombe zisomwe upya, kisha ngoja. Kile kifaa cha kuondoa kurasa kwenye matokeo kisikutamanishe, kinaficha ukurasa mzima kwa muda, na wewe ulitaka kuondoa maoni, siyo makala.

Wakati unangoja watakufuata vijana kwenye mitandao wanaouza "backlink elfu moja", yaani linki za tovuti nyingine zinazoelekea kwako, ili upande haraka. Hizo linki elfu moja wataziweka wapi unadhani? Kwenye visanduku vya maoni vya wenzako. Unatoka kuchambua kokoto za gunia lako unakwenda kulipa ziwekwe kwenye la jirani.

Hatua ya 7: Ratiba

Dakika kumi kila asubuhi wakati wa msimu, kuanzia Oktoba wasomaji wanapofurika. Nje ya msimu, mara mbili kwa wiki. Ukisafiri au ukichoka, funga maoni yote kwa muda, hakuna aibu. Kumbuka pia kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, za 2018 zikafuatwa na za 2020, zinazosimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na zinamtaka mtoa maudhui aondoe yaliyokatazwa. Maoni ya matusi dhidi ya mtu usiyaache yalale.

Na kapu la spamu lifungue kila wiki kabla hujalimwaga. Mwezi wa kumi na moja nilikuta humo mkulima wa Nachingwea, ameandika kwa herufi kubwa tupu, namba yake ya simu imejirudia mara mbili, anauliza mnada wa chama chao unafanyika siku gani. Kichujio kilimwona tapeli. Nilimjibu baada ya siku nne, mnada ulikuwa umeshapita.